Natafuta Imaji ya Kontena la Dalali

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulisema kwa sauti.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwetu Kikula, mjini Likasi, mama anatwanga sombe uani, nami nimejibanza kivulini na laptopu magotini. Simu ikalia. Alikuwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, wa Lubumbashi, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ndiye aliyenitia katika kazi hii ya kompyuta na mpaka leo hajaniomba msamaha. Akaniuliza ninafanya nini. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayetaka majirani wajue kwamba na yeye ana kazi: "Natafuta imaji ya kontena la dalali."

Mchi ukanyamaza.

Siku ile mama hakusema neno. Jumatatu, jua halijapanda, hodi mlangoni. Nafungua, namkuta bwana mmoja kavaa koti la suti, viatu vimepigwa rangi hadi unaweza kunyolea ndevu humo, daftari kwapani.

"Shefu," akasema, "nimesikia uko natafuta dalali. Niko na nyumba tatu hapa Kikula, mbili kule Panda. Moja ya Panda iko na kisima. Umeme iko, inakuyaka usiku."

Alikuwa komisioneri. Ndilo jina tunalompa dalali wa nyumba: mtu asiye na hata nyumba moja lakini anazo zote. Nikamweleza kwa upole kwamba dalali ninayemtafuta si mtu, ni programu. Akafungua daftari, akapitisha kidole toka juu hadi chini, akainua uso. "Hiyo Programu iko avenyu gani?"

Hakuondoka mpaka apewe nauli. Mama ndiye aliyetoa, kwa kuwa ndiye aliyemwita. Baadaye jioni akanifuata chumbani, akakaa kitandani, akaniambia kwa huruma: "Papa, kama unataka kuhama, sema tu. Lakini mtoto wangu halali ndani ya kontena. Na kama unamtafuta mtu wa kulipiga picha, mpiga picha yuko pale sokoni."

Basi ngoja nikueleze nawe msomaji, maana mama nilimweleza mara mbili na mara zote mbili aliniombea.

Mama mdogo ana depo ya bunga karibu na soko. Bunga ni unga wa mahindi. Bila bunga hakuna bukari, yaani ugali, na katika Katanga asiyekula bukari hajala, ameonja. Lori likifika kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, mama mdogo hutuma watoto mbio wakawaambie wateja wake. Watoto hukutana na mpira njiani. Habari hufika kesho yake, na bunga imeshanunuliwa na wapita njia. Nikamwambia: mama mdogo, niachie mimi, wateja wako watapata ujumbe kwenye simu. Akauliza bei. Nikasema bure. Hapo ndipo alipopaswa kuogopa.

Ugumu wenyewe ni huu. Programu inayoandika ujumbe na modemu inayoutuma hazipatani saa. Huyu akiamka, yule mtandao umemkimbia; mtandao ukirudi, umeme umekwenda. Kwa hiyo unahitaji wa kati: anayepokea ujumbe, anaupanga foleni, anaushika mpaka mpokeaji aamke. Mfikirie yule bwana wa daftari. Mwenye nyumba yuko Kolwezi, mpangaji yuko Likasi, hawajaonana na hawana haja ya kuonana; kila mmoja anaongea na komisioneri tu. Dalali wa ujumbe anafanya kazi ile ile, ila yeye hadai nauli. Ndivyo nilivyodhani.

Na kontena? Likasi hatuhitaji kufundishwa kontena. Barabara ya kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi inapita kwetu, na malori ya shaba na kobalti hayalali. Tarehe 26 Aprili 1956, Mmarekani Malcom McLean alipakia masanduku 58 ya chuma kwenye meli iitwayo Ideal-X, kutoka Newark kwenda Houston, na tangu hapo kuli wa bandarini hana haja ya kujua ndani mna nini. Mwaka 2013 watu wa Docker wakaisambaza hekima ile ile kwenye kompyuta: ifunge programu pamoja na kila inachohitaji, kisha ifungue popote, nayo itafanya kazi. Kile kifurushi kabla hakijawashwa ndicho imaji. Kwa hiyo nilichokisema Jumamosi ile kilikuwa Kiswahili sahihi kabisa. Ndiyo hatari ya Kiswahili sahihi.

Madalali wa ujumbe ni wengi. Yupo Kafka, aliyezaliwa LinkedIn na kutolewa wazi kwa watu mwaka 2011, mzoefu wa mamilioni ya ujumbe. Kumwajiri kwa wateja 61 wa bunga ni kukodi treni ibebe kapu la nyanya. Yupo Mosquitto, mdogo, mwepesi, lakini jina lake linamaanisha mbu, na nyumbani kwetu mbu tunao wa kutosha. Nikamchukua RabbitMQ, sungura, wa mwaka 2007. Ameandikwa kwa Erlang, lugha ambayo wahandisi wa Ericsson waliibuni miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika. Nilimpenda pia kwa sababu nyingine. Sungura kwetu ni Kalulu, yule wa hadithi za bibi, mwili kiganja, ujanja gunia. Nikasema huyu ndiye dalali hasa. Nilichosahau ni kwamba katika kila hadithi ya Kalulu kuna mmoja anayechezewa.

Kumchagua Kalulu kulinichukua dakika tano. Kuchagua Kalulu yupi, wiki tatu.

Kwa sababu imaji yake si moja. Yupo wa kawaida, aliyejengwa juu ya Ubuntu. Yupo wa "management", mwenye dirisha: ukurasa unaoufungua kwenye kivinjari, mlango namba 15672, ukaona foleni zote zimepangwa kama wateja. Yupo wa "alpine", aliyejengwa juu ya Linux ndogo sana, ambayo msingi wake ni megabaiti chache tu. Yupo "management-alpine", mtoto wa ndoa ya hao wawili. Kila mmoja ana toleo lake lenye namba. Na juu yao wote yupo "latest", jina linaloapa kwamba ni jipya bila kusema ni jipya la lini: ukiliita leo anakuja huyu, ukiliita tena baada ya miezi sita anakuja mwenzake, na wote wawili wanaitika. Ni viatu vya mitumba. Vimepangwa safu, na muuzaji anakuapia kwamba vyote ni namba yako.

Mega za intaneti ni ghali na mfuko wangu unajulikana mtaani. Tukapatana na yaya: yeye apakue Lubumbashi, atie kwenye flashi, ampe dereva wa taksi. Ni kilomita 120 hivi; ikitoka asubuhi, mchana ninayo. Flashi ilifika ndani ya kiberiti kilichozungushiwa gundi ya plastiki, jina langu juu, na dereva akadai franga 5,000 kwa sababu, alisema, kiberiti ni mzigo wa hatari.

Nikawasha. Kalulu akaamka. Nikafungua kivinjari, mlango 15672. Kimya. Nikampigia yaya.

"Umeniletea asiye na dirisha."

"Wewe ulisema Kalulu. Hukusema Kalulu na dirisha."

Nikaagiza mwingine. Franga 5,000. Wiki mbili baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba yule wa kwanza alikuwa na dirisha tangu kuzaliwa. Lilikuwa limefungwa tu, na amri ya mstari mmoja ingelifungua. Yaani nililipa taksi iniletee kutoka Lubumbashi kitu nilichokuwa nimekikalia.

Wa pili alipita Likasi bila kushuka. Dereva alisahau, akaenda naye Kolwezi, akalala naye huko, akarudi naye siku ya tatu. Nikamwingiza kwenye kompyuta kwa heshima zote za mgeni aliyesafiri. Akakataa kuamka hata dakika moja. Kompyuta ikatoa maneno matatu makavu yenye maana kwamba lugha hii haiijui. Kumbe yaya alikuwa amenunua laptopu mpya, ile yenye tofaa mgongoni, ambayo prosesa yake ni ya aina ya ARM. Yangu ni ya zamani, ya Intel, ina umri wa mtoto wa shule ya msingi. Docker, kwa adabu, ilimpakulia yaya imaji inayofaa mashine ya yaya. Jina lile lile, toleo lile lile, dirisha lipo. Umeagiza betri ya lori, umeletewa ya saa ya mkononi. Ukilalamika unaambiwa, si ulisema betri?

Nikasema basi. Nitapakua mwenyewe, usiku, na nitamchukua mdogo kuliko wote. Nikamleta wa "alpine". Akashuka upesi, nikafurahi, na kwa furaha hiyo nikafanya ujanja: nikaichukua ile programu yangu ya kutuma ujumbe nikaitia humo humo ndani ya kontena lake, mwenye nyumba na dalali walale chumba kimoja, nipunguze gharama.

Nikaita programu yangu. Jibu: faili halipo.

Nikaorodhesha. Faili lipo, naliona. Nikaliita. Halipo. Nikaorodhesha. Lipo. Nikaliita. Halipo. Hali hii nilishakutana nayo mara moja tu maishani, kwa mdeni wangu mmoja, ambaye watoto wake hutoka mlangoni kusema baba hayupo, na huku baba anasikika chumbani akikohoa. Nilikesha hadi saa nane usiku, nikamtukana Kalulu kwa lugha tatu. Asubuhi nikaelewa. Programu yangu niliitengeneza kwenye Ubuntu, inayotumia maktaba iitwayo glibc; Alpine inatumia nyingine, iitwayo musl. Faili lipo kweli. Asiyekuwapo ni yule wa kulipokea mlangoni, na kompyuta haina maneno ya kusema hivyo, inasema tu halipo. Kalulu mwenyewe alikuwa mzima, hana kosa. Nilimtwika mimi.

Nikainua mikono. Nikauza jozi ya spika nilizokuwa nazo, nikanunua mega, nikampakua yule mkubwa, wa Ubuntu, mwenye dirisha, kwenye mashine yangu mwenyewe. Programu ya kutuma nikaipa kontena lake peke yake. Ikafanya kazi. Mama mdogo akajaribu na wateja watatu, simu zao zikalia palepale depo, akapiga vigelegele. Nilianza kula kwake kila siku, na hakuna aliyeuliza.

Sasa, umeme. Kwetu mtu haulizi kama utakatika, anauliza saa ngapi. Nikaandika maagizo safi: umeme ukirudi, kontena la zamani liondolewe, jipya liwashwe mahali pake, na data ikae kwenye folda ya nje ili isipotee. Nilijisifu sana kwa hilo la folda ya nje.

Ijumaa moja jioni lori likafika. Mama mdogo akaandika kwenye simu yake, programu ikatengeneza ujumbe 61, kila mmoja ukisema: "Bunga imefika. Kuya leo." Mtandao ulikuwa umelala. Haidhuru, nikasema, Kalulu ameushika. Nikamwonyesha mama mdogo kwenye dirisha: 61, wamepanga foleni, watulivu kuliko foleni yoyote aliyoiona. Saa mbili usiku umeme ukaenda. Saa tano ukarudi. Mtandao nao ukarudi. Kalulu akaamka, msafi, mchangamfu. Nikafungua dirisha.

Sufuri.

Kesho yake hakuna mteja aliyekuja. Bunga ikaishia kwa wapita njia, kama zamani, isipokuwa zamani watoto angalau walicheza mpira. Mama mdogo hakunigombeza. Alinipa sahani ya bukari na samaki, akakaa akanitazama nikila, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku tisa nilitafuta. Aliyepata ni baba. Baba alitunza stoo ya kiwanda kule Shituru miaka mingi. Sasa amestaafu, hajui kompyuta, lakini hawezi kupita mbele ya orodha bila kuisoma. Jumapili asubuhi alisimama nyuma yangu na miwani yake iliyofungwa uzi, akitazama skrini. Ndani ya folda yangu ya nje kulikuwa na folda nyingine tisa. Kila moja imeanza na neno "rabbit", alama ya @, kisha herufi na tarakimu 12 zisizo na maana.

"Hizi ni namba za kazi?" akauliza. "Ni watu tisa?"

"Hapana baba. Ni mmoja."

"Mmoja, namba tisa?"

Nikanyamaza. Baba akavuta kiti.

"Kiwandani kila mutu alikuwa na namba yake, na sanduku la namba ile. Unapata namba siku ya kwanza, unaishika mpaka unastaafu. Huyu wako unamupa namba mupya kila akilala. Sasa asubuhi atafungua sanduku gani? Bintu yake iko pale, lakini yeye hajui kama ni yake." Akavua miwani, akaifuta. "Huu muji uliitwa Jadotville. Mwaka 1966 wakasema Likasi. Lakini asubuhi yake kila mutu alijua mlango yake ni upi. Juu ya nini? Juu nyumba hazikulala na jina."

Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Kalulu huweka mali yake kwenye folda yenye jina la mashine yake. Usipompa jina, Docker humpa kontena lile namba yake ya bahati nasibu, na kontena jipya ni namba mpya. Kila umeme ulipokatika, mimi kwa usafi wangu nilikuwa nimemuua dalali na kuajiri pacha wake, mwenye uso ule ule na dirisha lile lile, asiyejua habari ya jana. Ujumbe 61 haukupotea hata mmoja. Ulikuwa umekaa kimya kwenye folda ya sita, ukimngoja mtu ambaye jina lake halitaitwa tena.

Kwa hiyo nikaliita. Nikachukua zile herufi na tarakimu 12 za folda ya sita, nikampa Kalulu ndilo jina la mashine, nikawasha. Nikafungua dirisha. 61! Baba akasema "njo vile." Nikaruka, nikamkumbatia, nikamwita mama aje aone.

Tulipogeuka tena kutazama skrini ilikuwa 48. Kisha 30. Kisha 9.

Umeme ulikuwapo, mtandao ulikuwapo, modemu ilikuwa imechomekwa. Kila mtu alikuwa macho, na kila mtu alifanya kazi yake.

Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka kanisani. Kufika saa sita mchana mbele ya depo ya mama mdogo kulikuwa na wanawake wa vitenge vya Misa, mabeseni kichwani, wengine na magunia, wengine na wajukuu wa kubeba magunia, na bibi mmoja aliyepanda pikipiki kutoka Panda akidai nauli ya kwenda na kurudi. Simu zao zote zilisema kitu kimoja: Bunga imefika, kuya leo. Ndani ya depo mlikuwa na mizani, paka, na nusu debe ya maharagwe.

Mama mdogo alisimama kwenye kizingiti. Akawahesabu kwa kidole, polepole, mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari, akampa kila mmoja namba ya lori la Jumatano, bei ile ile, bila kupandisha. Walipoondoka akanigeukia.

"Hamusini na nane," akasema. "Kwa sitini na moja. Kumbe inafikaka."

Huo ndio uliokuwa uzinduzi rasmi wa mradi wangu.

Siku hizi ukutani juu ya meza yangu kuna mistari minne ya chaki. Wa kwanza ni namba kamili ya toleo, bila neno "latest". Wa pili ni aina ya prosesa. Wa tatu unasema: mwenye dirisha. Wa nne ni jina la mashine, ambalo halibadiliki umeme uje uende: kalulu. Ukiwa unachagua nawe, chagua yule utakayeweza kumtazama usoni umeme ukirudi saa nane usiku, na megabaiti utakazookoa zihesabu mwisho. Kisha mpe jina kabla hujampa kazi.

Komisioneri anawasalimu. Ile nyumba ya Panda yenye kisima bado iko wazi.